Nyasi Zilivyogeuka Gugu

Mwaka jana, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, shosho aliteleza kwenye matope kati ya geti na mlango wa jikoni akavunjika mkono. Wikendi iliyofuata nilipanda matatu ya Limuru nikiwa na hatia moyoni na mpango kichwani: nitamjengea njia ya kabro.

Fundi sikuita. Nilitazama video mbili, nikafyeka nyasi, nikamwaga mchanga, nikapanga kabro. Ilitoka poa, hata nikaiposti. Miezi mitatu baadaye nyasi zilikuwa zimechomoza kila ufa na zingine zimetambaa kutoka pembeni. Kabro mbili zilikuwa zimeinuka, tayari kumwangusha shosho tena.

Nyasi zenyewe ni zile ambazo dunia nzima inaziita Kikuyu. Mimi Mkikuyu, nikaona huu ugomvi ni wa kifamilia. Nikaanza kusoma.

Jina lao la kwanza la kisayansi, lililochapishwa mwaka 1903 na Mwitaliano Emilio Chiovenda, ni Pennisetum clandestinum. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake kilichofichwa, kwa sababu maua yake hujificha ndani ya majani. Kiasili ni nyasi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia, kwa hiyo si zetu peke yetu. Lakini jina letu ndilo lililopewa pasipoti. Mwishoni mwa miaka ya 1910 zilipelekwa California kushikilia udongo kwenye kingo za mitaro. Australia zilifika mwaka 1919, wakulima wakazipenda kwa malisho. Zikafanya kazi zilizoitiwa, kisha zikavuka ua. Leo sheria ya Marekani inaziorodhesha kama gugu hatari, ilhali huko huko Los Angeles, klabu ya gofu ya Riviera inajulikana kwa viwanja vyake vya nyasi hizo. Mmea ni ule ule. Anayeamua kama ni gugu au zulia ni mwenye shamba.

Nilimsimulia shosho haya yote jikoni. Kwa kuwa nimepewa jina la babu, yeye huniita mume wake.

"Mume wangu," akasema, "tangu lini hiyo ikawa gugu? Hicho ni chakula cha ng'ombe."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nikiwa mtoto hapakuwa na kabro, na njia ilikuwa nyeupe kama imefagiliwa. Ng'ombe alipita hapo asubuhi na jioni, na sisi wajukuu saba tulikimbia hapo mchana kutwa. Nyasi za pembeni shosho alizikata kwa panga, zikaishia horini. Kisha tukahamia Nairobi mmoja mmoja. Ng'ombe akauzwa, kwa sababu mgongo wa shosho haukuweza tena kubeba mzigo wa majani. Nyasi zikakosa wa kuzila na wa kuzikanyaga. Yale matope aliyoteleza yalikuwa ya njia nyembamba aliyobaki akiipita peke yake.

Nilirudia kazi, safari hii na fundi wa mtaani. Alicheka kuona nilifyeka tu. Mwili wa nyasi hizi uko chini: mizizi na vikonyo vinavyotambaa ardhini, na kipande cha urefu wa kidole kikiachwa huchipuka upya. Tulichimba futi moja, tukachambua vikonyo kwa mkono na kuvianika juani vikauke kabisa. Tukashindilia mawe, kisha marramu, kisha mchanga, ndipo kabro. Pembeni tukazika ukingo wa zege, maana adui wa njia hii hutokea ubavuni zaidi ya chini. Dawa ya kuua magugu shosho aliikataa katakata.

Hata hivyo fundi alinionya kwamba ukingo huzichelewesha tu. Basi kila baada ya wiki mbili napanda matatu, nakata zinazotaka kuvuka na kuzijaza kwenye gunia, jirani anazichukua kwa ng'ombe wake. Jumamosi iliyopita alirudisha gunia na nusu lita ya maziwa. Shosho alitoka mwenyewe hadi getini kuyapokea, akarudi akiyashika kwa ule mkono uliopona.