Mizani ya Mwili

Ukitoka mjini Kakamega kwa barabara iendayo Kisumu, hutakwenda mbali kabla ya kufika Ilesi, mahali penye jiwe mashuhuri. Nguzo ya mwamba imesimama wima, na juu yake limekaa jiwe jingine, mithili ya kichwa juu ya shingo. Urefu wake wote wakaribia mita 40. Maji hutiririka usoni mwake, na kwa sababu hiyo watu huliita Jiwe Linalolia. Vizazi vingi vimepita chini yake, nalo halijaanguka.

Mwanadamu naye husimama wima juu ya msingi mwembamba, yaani nyayo mbili. Lakini hakupewa uthabiti wa jiwe. Jiwe husimama kwa kutulia. Mtu husimama kwa kufanya kazi. Macho humwonyesha alipo. Mirija mitatu iliyopinda ndani ya kila sikio humwarifu jinsi kichwa kinavyogeuka. Nyayo na viungo huleta habari za ardhi. Ubongo huzipokea habari hizi zote na kuiamuru misuli ivute huku au ilegee kule. Kazi hii hufanyika hata wakati wewe msomaji umesimama gwarideni asubuhi, wala huna habari nayo.

Uzee ufikapo, wajumbe hawa hupunguza mwendo. Macho hufifia, misuli ya mapaja hupungukiwa na nguvu, na mguu ukiteleza, amri ya kuurudisha huchelewa kufika. Katika Kakamega mvua ni nyingi na udongo huteleza. Njia ambayo mtoto huishuka mbio huweza kuwa mtihani kwa nyanya yake. Mzee akivunjika nyonga, aghalabu hayarudii maisha yake ya kwanza. Hata asipovunjika, hofu humfunga nyumbani, na kule kukaa humzidishia udhaifu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao huwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tena wanaokufa hivyo kwa wingi zaidi ni wazee. Basi usidhani kwamba kuanguka ni jambo dogo la kuchekwa.

Je, ni ajali tu, isiyo na kinga? La, sivyo. Mwili hufunzwa, na lile ulilofunzwa hulihifadhi kwa kulitumia. Ushahidi mmoja ulipatikana hapa Kenya. Mwaka 1986 wataalamu kadhaa, miongoni mwao Mkenya G. M. O. Maloiy, walitangaza matokeo ya kuwapima wanawake wa Kijaluo wachukuao mizigo kichwani na wa Kikuyu waichukuao kwa kamba ipitayo kwenye paji la uso. Waliona kuwa mwanamke aliyezoea kazi hiyo aliweza kuchukua mzigo uliofikia sehemu moja ya tano ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya zile za mtu atembeaye mikono mitupu. Asiyezoea hakuweza. Mazoea ya miaka mingi yalikuwa yameuelimisha mwili.

Ushahidi juu ya wazee wenyewe watoka mbali zaidi, katika historia ya mchezo wa Kichina uitwao taichi. Wako wasemao kuwa uliasisiwa na mtawa wa kale aliyeitwa Zhang Sanfeng, lakini hiyo ni hadithi. Wanahistoria wengi huanzia kijiji cha Chenjiagou, katika jimbo la Henan, karne ya 17, kwa mtu wa vita aliyeitwa Chen Wangting. Wakati ule taichi ilikuwa sanaa ya kupigana, na ukoo wa Chen uliirithisha vijana wake. Katika karne ya 19 mgeni mmoja, Yang Luchan, aliyezaliwa mwaka 1799, alijifunza kijijini hapo, kisha akaenda kufundisha Beijing. Mjukuu wake, Yang Chengfu, aliyefariki mwaka 1936, aliufundisha umma mtindo wa taratibu, wenye miendo mipana, ambao hata mtu asiye askari aliweza kuufuata. Mwaka 1956 serikali ya Uchina ilitoa mfululizo mfupi wa miendo 24, ili upate kufundishwa kwa watu wengi. Hivyo silaha ya ukoo mmoja ikawa zoezi la taifa zima.

Tazama afanyavyo mwenye kucheza taichi. Hukunja magoti kidogo, akauhamisha uzito wake polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine, huku akigeuza kiwiliwili na kuufuata mkono kwa macho. Mambo hayo ndiyo yamwokoayo mtu anapoteleza. Waswahili husema mwenda pole hajikwai. Nao wataalamu wa Marekani wakataka kujua kama ndivyo ilivyo. Mwaka 1996 walitangaza matokeo ya jaribio lililofanyika Atlanta kwa watu 200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Waliofundishwa taichi kwa majuma 15 walipunguziwa hatari ya kuanguka mara kwa mara kwa karibu nusu. Jaribio jingine, lililofanyika katika jimbo la Oregon na kutangazwa mwaka 2018, lilihusu wazee 670 waliokuwa hatarini. Waliofundishwa taichi walianguka kwa asilimia 58 chini ya wenzao walionyoosha viungo tu.

Sasa turudi Kakamega. Waisukha na Waidakho wana ngoma yao iitwayo isukuti, iliyopata jina kutokana na ngoma zipigwazo: kubwa, ya kati na ndogo. Pembe ya swala na njuga za chuma huandamana nazo. Kiongozi huimba, nao wachezaji hujipanga, wanaume safu yao na wanawake safu yao. Huchezwa mtoto azaliwapo, arusi ifungwapo, na hata mtu azikwapo. Isukuti haikutungwa kuwa tiba, tena ni ya kasi, si ya upole kama taichi. Wala sisemi kuwa mzee mwenye maumivu ya magoti aruke kama kijana. Lakini nayo huutaka mwili uhamishe uzito, ugeuke, na upatanishe hatua zake na za wenzake.

Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wengi wa waijuao walikuwa wamezeeka, na hawakuwa na warithi wa kuwafunza. Mwaka 2020 shirika hilo hilo liliiandika taichi katika orodha nyingine, ya urithi wa wanadamu usio katika hatari hiyo. Zote mbili zilitoka vijijini. Iliyonawiri ni ile iliyofanywa nyepesi na kufundishwa kwa kila rika.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Tumefunzwa kumheshimu mzee kwa kumletea kiti, kumpokea jembe, na kumwambia apumzike. Ni adabu njema, na wala sitaki uiache. Lakini heshima ikizidi kipimo humnyang'anya mzee miguu yake, kwa maana mguu usiotumiwa husahau kazi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili siku tatu au zaidi kila juma. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata Wakenya wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na hapana shaka baadhi yao ni wa nyumbani kwako.

Basi shule zitakapofungwa, nenda kwa kukhu, kama wenyeji wa Kakamega wamwitavyo nyanya. Usimwambie akae. Mwombe akufundishe hatua moja ya ngoma aliyoicheza ujanani, kwa mwendo auwezao, na kiti kiwe karibu aweze kukishika. Kesho yake mwombe tena. Yeye ataitunza miguu yake, nawe utakuwa umepokea kitu ambacho, asipokufundisha yeye, huenda usipate wa kukufundisha.