Tawakkul na Mikono ya Tabibu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu (s.a.w.).

Wapo wahudumu wa hospitali wakikumbushwa kunawa mikono au kuvaa glavu hujibu: ajali haina kinga. Kuamini qadar ni wajibu wetu sote. Kuigeuza qadar kuwa hoja ya kuacha tahadhari ndilo kosa, na historia yatufunulia.

Katika zama za tauni ya Amwas, iliyotokea Sham mwaka 18 Hijria kwa kauli mashuhuri, Sayyidna Umar (r.a.) alifika Sargh akielekea Sham, akapewa habari ya maradhi. Akawataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, wakaafikiana arejee. Abu Ubayda bin al-Jarrah (r.a.) akamuuliza iwapo anaikimbia qadar ya Allah. Umar akajibu kuwa anaikimbia qadar ya Allah kuiendea qadar ya Allah. Ndipo Abdurrahman bin Awf (r.a.) aliposimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuingia nchi yenye tauni, na akawakataza walio ndani kutoka kwa kuikimbia.

Zingatia, ndugu msomaji: katazo la kuingia lamhifadhi mtu mwenyewe. Katazo la kutoka lina hikima nyingine, na ulamaa wametaja miongoni mwake kutowaacha wagonjwa bila wa kuwauguza. Basi tahadhari ni haki ya nafsi na haki ya mwenzio.

Haki hii ya pili ndiyo iliyopotea Vienna, Austria. Hospitali kuu ya mji huo ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Mwaka 1846, katika wodi ya madaktari na wanafunzi wao, walifariki wazazi 11 hivi katika kila 100. Katika wodi ya wakunga, hawakufika 3. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis alitambua sababu: madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Akawaamuru kunawa kwa maji ya klorini. Mwaka 1848 vifo vikashuka hadi kiasi cha 1 katika 100. Hata hivyo wakubwa wengi wa fani walimpinga, na miongoni mwao wapo walioona ni tusi kuambiwa kuwa mikono yao inaua.

Mwenye mikono alibaki mzima. Aliyekufa ni mzazi. Basi anayeacha kunawa kwa jina la tawakkul anahatarisha roho isiyokuwa yake, nayo ni amana mkononi mwake. Mafakihi wamesema tabibu mjuzi aliyefuata kanuni za fani yake hana dhamana. Ama aliyezembea, anadhamini.

Maimamu wetu na walibainishe hili mimbarini: kunawa kabla ya kumgusa mgonjwa ni katika kutekeleza amana, na tawakkul huja baada ya kushika sababu.

Wabillahi tawfiq.