Wasaka Vipaji na Mashindano ya Dunia ya Vijana ya Hoki ya Barafu

Kusaka vipaji vya hoki ya barafu ni kazi ya kumtazama kijana wa miaka 17 na kukadiria atakuwa mchezaji wa namna gani akifikisha miaka 24. Klabu za NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, huwalipa watu wa kazi hiyo mwaka mzima. Wengi wao huzunguka peke yao, kutoka uwanja mmoja wa baridi hadi mwingine. Mahali wanapokutana kwa wingi ni kwenye mashindano ya kimataifa ya vijana, hasa Mashindano ya Dunia ya walio chini ya miaka 20, ambayo kwa kawaida huanza 26 Desemba na kumalizika wiki ya kwanza ya Januari.

Zamani kazi hii ilifanywa ndani ya Kanada tu. Hadi miaka ya 1960, klabu ilimnasa mchezaji kwa kumsainisha mkataba akiwa bado mtoto wa shule, wazazi wakiridhia, na tangu siku hiyo hakuna klabu nyingine iliyoruhusiwa kumgusa. Mwaka 1961 viongozi wa Boston Bruins walikwenda Gananoque, mji mdogo wa jimbo la Ontario, kuwaangalia vijana wawili wa huko kwenye mechi za watoto. Wakajikuta hawawaangalii tena wale wawili. Macho yote yalimfuata mtoto mwembamba wa timu pinzani kutoka Parry Sound, aliyekuwa akicheza na wavulana waliomzidi umri na kuamua mwenyewe mchezo uende kasi au upoe. Mtoto huyo alikuwa Bobby Orr. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 14, alikuwa mali ya Boston, na baadaye akabadilisha kabisa namna beki anavyocheza hoki.

Utaratibu huo ulianza kuvunjwa mwaka 1963, NHL ilipofanya drafti yake ya kwanza mjini Montreal. Klabu zilichagua vijana kwa zamu, na waliochaguliwa siku hiyo walikuwa 21 tu. Kufikia 1969 mikataba ya watoto ilikuwa imekwisha na drafti ikawa mlango wa kila kijana anayeingia ligi. Mwaka huohuo St. Louis Blues walimchagua Mfini Tommi Salmelainen, Mzungu wa kwanza kutoka Ulaya kupita katika drafti hiyo. Hakuwahi kucheza NHL, na klabu nyingi ziliendelea kuamini kwamba mchezaji wa Ulaya ni laini mno kwa hoki ya Amerika.

Imani hiyo ilitikiswa na mtu mmoja. Krismasi ya 1972, Gerry McNamara wa Toronto Maple Leafs alikwenda Sweden kumtazama kipa. Kipa alikuwa ameumia. McNamara akaenda kwenye mechi nyingine, klabu ya Brynäs ikicheza na timu iliyotoka Kanada, na huko akamwona beki Börje Salming akikabiliana na Wakanada wenye nguvu bila kurudi nyuma hata hatua. Salming alisaini Toronto mwaka 1973, akacheza NHL misimu 17. Baada yake haikuwezekana tena kwa klabu makini kuipuuza Ulaya.

Lakini Ulaya ni kubwa, nauli ni ghali, na nusu ya hoki yake bora ilikuwa imefungiwa nyuma ya mipaka ya nchi za kikomunisti. Hapo ndipo mashindano ya vijana yalipopata uzito wake. Yalianza kwa mwaliko mjini Leningrad mwaka 1974, na mwaka 1977 yakawa mashindano rasmi, yakichezwa Banská Bystrica na Zvolen huko Chekoslovakia. Wasovieti walitwaa ubingwa rasmi mara 4 mfululizo, 1977 hadi 1980. Kwa msaka vipaji, hii ilikuwa nafasi ya kuwaona mahali pamoja, kwa siku kumi hivi, vijana ambao vinginevyo angehitaji viza na mwaka mzima kuwafikia.

Mashindano ya 1978, yaliyofanyika Montreal na Quebec, yalileta tatizo jipya. Aliyeongoza kwa pointi, yaani jumla ya mabao na pasi za mabao, alikuwa Mkanada wa miaka 16, Wayne Gretzky, aliyepata 17 katika mechi 6. NHL wakati huo haikuchagua kijana chini ya miaka 20. Ligi pinzani, WHA, haikuwa na mwiko huo, na mwaka huohuo klabu ya Indianapolis ilimsaini Gretzky akiwa na miaka 17. NHL ililazimika kushusha umri wa drafti hadi 19 mwaka 1979, kisha 18 mwaka 1980. Kuanzia hapo msaka vipaji hakuhukumu tena kijana aliyekwisha kukomaa. Alikisia juu ya mtoto ambaye bado anarefuka, na makosa ya ukadiriaji yakaongezeka. Mashindano ya chini ya miaka 20 nayo yakabadilika: wachezaji wengi humo walikuwa wamekwisha kuchaguliwa, na klabu zilikwenda kukagua mali yao pamoja na kuwatafuta wale wachache waliopandishwa kabla ya umri.

Miaka ya mwisho ya utawala wa Kisovieti ndiyo sehemu tajiri kuliko zote katika historia hii. Januari 1987, mjini Piešťany, mechi ya Kanada na Umoja wa Kisovieti iligeuka ugomvi wa timu nzima. Wasimamizi walizima taa za uwanja kujaribu kuutuliza, na mwishowe timu zote mbili zikaondolewa mashindanoni. Magazeti yaliandika juu ya aibu. Neil Smith wa Detroit Red Wings alitoka na jina moja: Vladimir Konstantinov, beki wa Kisovieti aliyepigana bila woga wowote. Sifa ambayo klabu za Amerika zilisema Wasovieti hawana, huyu alikuwa nayo tele.

Miaka miwili baadaye, Anchorage huko Alaska, Wasovieti walipanga mstari mmoja wa washambuliaji watatu: Pavel Bure, Sergei Fedorov na Alexander Mogilny. Walichukua ubingwa, na Bure, mwenye miaka 17, akatajwa mshambuliaji bora. Mogilny alikuwa amekwisha kuchaguliwa na Buffalo Sabres mwaka 1988, akiwa wa 89, kama mtu anayenunua shamba asiloruhusiwa kulikanyaga. Don Luce wa Buffalo alisafiri hadi Anchorage, akapata nafasi ya kuzungumza naye kidogo na kumwachia kadi yenye namba ya simu. Mei 1989, baada ya Mashindano ya Dunia ya wakubwa mjini Stockholm, simu ya Buffalo iliita: Mogilny alitaka kutoroka. Luce na meneja wake Gerry Meehan walipanda ndege kwenda Sweden na kurudi na Mogilny. Katika msimu wa 1992–93 alifunga mabao 76.

Kisa cha Bure kinaonyesha upande mwingine wa kazi hii, upande wa makaratasi. Katika drafti ya 1989 kijana wa Ulaya wa miaka 18 aliweza kuchaguliwa katika raundi tatu za kwanza tu. Baada ya hapo ilitakiwa awe amecheza misimu miwili katika ngazi ya juu, angalau mechi 11 kila msimu. Klabu nyingi zilihesabu mechi za Bure za ligi, zikaona hazitoshi, zikamwacha. Mike Penny wa Vancouver Canucks alihesabu pia mechi za kirafiki na za kimataifa, akaona zinatosha. Vancouver ikamchukua raundi ya sita, akiwa wa 113. Klabu nyingine zilikuja juu, na rais wa ligi akaufuta uchaguzi huo. Mwaka 1990, baada ya Vancouver kupata ushahidi wa mechi hizo kutoka Moscow, aliurudisha. Penny alistahili: alimwona yuleyule waliyemwona wenzake, ila yeye alifuatilia hadi karatasi ya mwisho.

Katika drafti hiyohiyo Detroit walichukua Nicklas Lidström wa 53, Fedorov wa 74 na Konstantinov wa 221. Lidström alitokana na shauri la Christer Rockström, mtu wao aliyeishi Sweden na kuijua hoki ya mikoani. Hili ndilo somo ambalo klabu nyingi zilichelewa kulishika. Mashindano humwonyesha kijana, lakini anayemjua ni mtu aliyemwona mara nyingi kwao. NHL yenyewe ilikuwa na ofisi kuu ya usakaji tangu 1975, na huko Ulaya ilimtegemea kwa miongo mingi Mfini Göran Stubb.

Kwenye uwanja wenyewe, mzoefu hukaa juu, mara nyingi nyuma ya kona, ili aone nafasi kati ya wachezaji. Hufika mapema kuangalia mazoezi ya kupasha mwili: jinsi kijana anavyogeuka kulia na kushoto, magoti yanakunjwa vipi, gongo linapokea pasi kali bila kelele au kisahani kinachogombewa kinaruka. Mechi ikianza, jicho humwacha mwenye kisahani na kumfuata yule anayemtaka hata akiwa mbali na mchezo. Anageuza kichwa kuangalia nyuma kabla ya kupokea? Akipoteza kisahani, anarudi kukaba au ananung'unika? Akirudishwa benchi, anakaa namna gani? Vipimo vya uwanja navyo huingia katika hesabu. Viwanja vya jadi vya kimataifa vina upana wa mita 30, vya NHL kama 26, na winga anayetamba penye nafasi anaweza kubanwa kabisa penye ufinyu.

Kwa walio chini ya miaka 18, mashindano ya dunia yalianza 1999 nchini Ujerumani. Huchezwa Aprili, wiki chache kabla ya drafti, kwa hiyo hubeba uzito mkubwa, pengine kupita kiasi. Mwaka 2011 Nikita Kucherov alipata pointi 21 katika mechi 7 za mashindano hayo. Klabu zilikuwa na mashaka juu ya umbo lake, na juu ya Warusi kukawia nyumbani. Tampa Bay walimpata akiwa wa 58, na akaja kuwa mchezaji bora wa ligi. Henrik Zetterberg aligunduliwa kwa namna iliyo kinyume: Håkan Andersson na Jim Nill wa Detroit walikwenda kwenye mashindano Finland kumtazama Mattias Weinhandl, wakavutiwa na mwenzake mdogo aliyekuwa na kisahani muda wote. Walimchukua wa 210 mwaka 1999.

Mwezi wa kuzaliwa nao huwapotosha watazamaji. Utafiti wa Roger Barnsley na wenzake, uliochapishwa 1985, ulionyesha kwamba vijana wa hoki ya Kanada waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka ni wengi kuliko waliozaliwa mwishoni, kwa kuwa utotoni miezi michache ya ukuaji huonekana kama kipaji.

Februari 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, shirikisho la hoki la kimataifa liliiondoa Urusi katika mashindano yake yote. Matvei Michkov, aliyefunga mabao 12 katika mashindano ya dunia ya chini ya miaka 18 mwaka 2021 akiwa na miaka 16, hakuonekana tena mbele ya wasaka vipaji kwenye jukwaa hilo. Wakabaki na video na taarifa za watu walio ndani ya Urusi. Mwaka 2023 klabu 6 zilimpita, Philadelphia Flyers wakamchukua wa 7, na katika msimu wake wa kwanza, 2024–25, alifunga mabao 26.