Kiwewe, Neva na Unasihi Mombasa Bara

Unasihi wa kiwewe una historia fupi Mombasa bara, yaani nje ya kisiwa, lakini misiba iliyoutangulia ni mingi. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyojaa kupita kiasi ilipinduka mita chache tu baada ya kuondoka Mtongwe kuelekea kisiwani. Kati ya abiria wapatao 400, walikufa 272, wengi wao wakiwa watu waliokuwa wakiwahi kazini. Walionusurika hawakuwa na namna ya kuikwepa bahari ile. Asiyetaka kuvuka kwa feri, hata kwenye kivuko jirani cha Likoni, ilimbidi azunguke Kwale, Kinango na Mariakani ndipo afike mjini.

Hapo ndipo elimu ya mfumo wa neva inapoeleza jambo ambalo nasaha za kawaida haziligusi. Mwaka 1915 Mmarekani Walter Cannon alionyesha jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia: adrenalini humwagika, moyo huenda mbio, damu huelekezwa kwenye misuli. Hatari ikipita, mwili hutulia. Kwa mwenye kiwewe, utulivu huo hauji. Amigdala, sehemu ya ubongo inayonusa hatari, hukaa macho. Hipokampasi, inayolipa tukio mahali na wakati wake, hulegea. Na sehemu ya mbele ya ubongo hushindwa kuituliza amigdala. Kwa hiyo harufu ya dizeli au kishindo cha feri ikigusa gati huweza kumtoa mtu jasho na kumkausha koo kabla hajawaza lolote. Kumwambia ajikaze hakusaidii, kwa kuwa hofu yake haikuanzia kwenye mawazo.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 jeraha lilikuwa la aina nyingine. Wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi wasiopungua sita na kuchukua bunduki, kisha wakawageukia wakazi waliotoka sehemu za ndani za Kenya. Ghasia hizo, zilizochunguzwa baadaye na tume ya Jaji Akiwumi, ziliua watu zaidi ya 100 na kuwahamisha wengine wengi. Maelfu walijisetiri katika kanisa Katoliki la Likoni. Msiba wa majini huwa na mwisho. Mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake na watu, tena huenda wengine ni majirani, hubaki akimhofu kila apitaye. Neva za mtu wa namna hiyo hazikosei zinapokataa kutulia.

Mwaka uliofuata, tarehe 7 Agosti 1998, bomu katika ubalozi wa Marekani liliua watu 213 jijini Nairobi, na unasihi wa kiwewe ukasukumwa mbele nchini. Wakimbizi wa Likoni hawakuwa wamepata huduma ya kiasi hicho, na hilo ni pengo lisilostahili kusahauliwa.

Desturi ya miaka ile katika nchi nyingi ilikuwa kumkalisha manusura mapema asimulie yote. Tafiti zilikuja kuonyesha kwamba kikao kimoja cha kusimulia hakizuii kiwewe, na baadhi ya watu huwazidishia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 ukatanguliza usalama, mahitaji ya lazima na kusikiliza bila kushurutisha. Mnasihi anayefuata njia hii humwacha mtu achague kiti, pengine karibu na mlango, amwongoze kutoa pumzi polepole, na ahisi nyayo zake sakafuni. Pumzi ndefu ya kutoka huiamsha neva ya vagasi, nayo hupunguza mapigo ya moyo. Kisha humweleza kwamba kifua kubana na usingizi kukatika si wazimu. Maelezo haya peke yake huondoa aibu kubwa.

Pumzi, mdundo na kuwa pamoja havikuwa vigeni pwani: vimo katika dhikri, katika kwaya, na katika ngoma za kupunga pepo za Wadigo. Kufanana huko hakuzifanyi desturi hizo kuwa tiba iliyothibitishwa, ila kunamwonyesha mnasihi pa kuanzia. Nadharia ya Stephen Porges kuhusu vagasi, inayopendwa sana na wanasihi, nayo ingali inapingwa na wanafiziolojia. Ushahidi wenye nguvu zaidi uko kwenye tiba zinazomrudisha mtu taratibu kwenye kumbukumbu na mahali anapopaogopa.

Misiba nayo haikukoma: tarehe 23 Machi 2014 watu wenye bunduki walishambulia waumini kanisani Likoni. Mwaka huohuo Kenya ilipata sheria ya wanasihi na wanasaikolojia, iliyotaka wasajiliwe. Wagonjwa wenye dalili nzito hupelekwa kitengo cha akili cha hospitali ya Port Reitz, Changamwe. Kisauni, ambako magenge ya vijana wenye mapanga yamewashambulia wakazi mara kwa mara, kazi ni tofauti: hatari ingalipo, na kabla ya zoezi lolote la pumzi mnasihi hulazimika kuuliza mteja atapita njia gani akirudi nyumbani, na nani atamsindikiza.