Keekee ndogo ya kutobolea vijahazi: ichague vipi, itumie vipi

MTU anayeunda kijahazi cha mapambo hutumia wiki kadhaa kuchonga mkuku, kupanga mataruma na kubandika mbao moja baada ya nyingine. Kazi hiyo yote huweza kuharibika kwa tundu moja. Ubao wenye unene wa milimita 2 ukipasuka karibu na gubeti hauzibiki kwa gundi bila kuacha kovu, na mnunuzi huliona kovu hilo kabla hajaliona tanga.

Kwa sababu hiyo, chombo kinachohitaji uangalifu mkubwa kuliko vyote wakati wa kununua ni kidogo sana: keekee ya mkono, yenye urefu wa kalamu fupi, ambayo huzungushwa kwa vidole.

Keekee si jambo geni katika pwani yetu. Waunda majahazi wa zamani walitoboa mbao kwa keekee ya uta, ambayo chuma chake huchomekwa katika mti uitwao msukano, na msukano huo huzungushwa kwa kamba ya uta. Juu yake kuna kishikio kiitwacho jivu. Fundi hukandamiza jivu kwa kiganja, nalo hutulia wakati msukano ukizunguka chini yake.

Keekee ndogo ya kisasa inafuata kanuni ile ile. Kichwa chake, chenye umbo la kitufe, hukaa katika kiganja bila kuzunguka, ilhali kidole gumba na kidole cha shahada huzungusha mwili. Dukani lijaribu hilo kwanza. Ikiwa kichwa kimeganda, iache hata kama bei yake inavutia.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, mahali pa kuanzia ni maduka ya vifaa vya ufundi ya Gerezani na mitaa ya Kariakoo iliyo jirani. Asipoipata huko, awaulize masonara wa Mtaa wa Indira Gandhi au mafundi saa wa katikati ya jiji, kwa kuwa nao hutoboa matundu madogo kila siku. Muuzaji asiyelifahamu neno keekee aambiwe tu kwamba unataka drili ndogo ya mkono, ya kazi ya sonara.

Ukishaishika, fungua taya zinazobana biti na uzitazame kwenye mwanga. Mipasuo yake iwe sawa na ijifunge kwa pamoja. Kisha omba biti nyembamba, ya milimita 1 au chini yake, uikaze na uzungushe keekee taratibu mbele ya karatasi nyeupe. Ncha ikichora duara badala ya kusimama mahali pamoja, keekee hiyo imepinda au taya zake hazikuchongwa vizuri, na itavunja biti zako zote. Muuzaji mwenye haraka hatapenda jaribio hili. Lifanye.

Biti zenyewe ndizo zenye ulaghai zaidi. Viboksi vya plastiki vyenye biti ishirini huuzwa kwa bei ndogo, lakini ukubwa ulioandikwa mara nyingi hauwiani na biti iliyomo, hivyo ni vyema kwenda na kipimo. Afadhali biti tano nzuri za kati ya milimita 0.5 na 1.5 kuliko ishirini za kubahatisha. Chagua za chuma kigumu zenye alama ya HSS. Zile za kijivu za kabaidi, wanazotumia mafundi wa redio kutobolea bodi za saketi, ni kali mno lakini hukatika kama kioo mkono unapoyumba. Hizo zinafaa kwenye mashine iliyosimama imara.

Ukubwa wa biti hutokana na hesabu, wala si kukisia. Jahazi la mita 20 likiundwa kwa kipimo cha 1 kwa 50 huwa na sentimita 40. Tundu la kamba lenye upana wa sentimita 5 katika chombo halisi huwa milimita 1 katika kijahazi. Wengi hutoboa milimita 2 kwa kuwa ndiyo biti waliyo nayo, na hapo ndipo kijahazi huanza kufanana na kitu cha kuchezea.

Katika kutumia, tia alama kwanza kwa ncha ya msharasi ili biti isiteleze. Weka kipande cha mti mbovu chini ya ubao, kwani bila hicho upande wa pili hutoka nyuzi. Biti ijitokeze kidogo tu nje ya taya. Ikiwa ndefu hupinda, na kinachovunja biti nyembamba ni kupinda kuliko kukandamizwa. Zungusha mizunguko michache, itoe, ipanguse vumbi, uirudishe. Ukihitaji tundu la milimita 1.5, anza na la 0.8. Anayechonga gofia kwa mpingo aongeze subira maradufu, apake ncha nta ya mshumaa, na afunike pua, kwa kuwa vumbi la mti huo huwasha ngozi na kifua.

Je, mashine ndogo ya umeme haifai? Inafaa kwa kusugua na kukata. Lakini katika kutoboa, kasi yake ya maelfu ya mizunguko kwa dakika huunguza mti laini na kuyeyusha plastiki, na kosa hutokea kabla mkono haujahisi. Keekee ya vidole hukuambia mapema kwamba umefika kwenye fundo la mti. Wala haijui kukatika kwa umeme.

Ushawishi wa mashine huwa mkubwa zaidi kwa anayeunda mtepe, chombo cha kale ambacho mbao zake hushonwa kwa kamba za kumbi badala ya kupigiliwa misumari. Hapo matundu ni mamia, katika jozi zinazotazamana ukingoni kabisa mwa ubao. Mtepe wa ukubwa kamili uliundwa kwa ajili ya maonyesho katika Jumba la Maajabu, Zanzibar, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Anayetaka kuuiga mshono huo kwa udogo atoboe kabla ya kupinda ubao, kwa mkono, na asizidi safu moja kwa siku vidole vinapochoka.

Biti ya mwisho ikivunjika usiku, usiache kazi. Chukua sindano ya kushonea, ikate katikati ya jicho lake kwa koleo, na uusugue mkato huo kwenye jiwe la kunolea. Zile pembe mbili zinazobaki hukata mti laini vizuri kabisa, na sindano haikosekani Kariakoo.