Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam
Barabara ya Morogoro hutoka katikati ya Dar es Salaam kuelekea magharibi. Kipande chake hadi Kimara kilijengwa upya kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi, yaliyoanza kazi Mei 2016. Mabasi yalipewa njia za katikati, magari mengine pembeni mwake, na waenda kwa miguu na waendesha baiskeli kingo za nje. Abiria hulipa nauli kituoni na kuingia basini bila kupanda ngazi.

Kwa mfumo huo, jiji lilipata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Msongamano vituoni, hata hivyo, haukuisha.

Udhaifu mkubwa uko Jangwani, barabara inapovuka bonde la Mto Msimbazi: mto ukifurika, barabara hufungwa. Kuiweka karakana ya mabasi hapohapo bondeni lilikuwa kosa la wazi.