Salfaidi za Milia

Likate jiwe la zinki kutoka migodi ya Olkusz, kusini mwa Polandi, kisha ling'arishe. Utaona mlia wa kahawia nzito, wa rangi ya asali, wa njano iliyopauka, halafu uzi wa kijivu unaometa: huo ni galena, yaani salfaidi ya risasi. Milia hiyo haikunyooka, bali hupinda ikizunguka vinundu. Wachimbaji wa Kijerumani waliliita jiwe hili Schalenblende. Wanajiolojia huuita muundo wake koloformu, jina alilolitoa Mmarekani Austin Rogers mwaka 1917.

Jina koloformu limetokana na koloidi, na ndani yake mna nadharia nzima: kwamba salfaidi ilianza ikiwa jeli, ikagandamana, kisha ikajigawa milia. Mwaka 1968 mwanajiolojia Edwin Roedder alichunguza vipande vyembamba vya sfaleriti, salfaidi ya zinki, vinavyopitisha mwanga. Aliona fuwele zikivuka mlia baada ya mlia bila kukatika. Zilikua moja kwa moja kutoka kwenye maji. Nadharia ikaanguka, jina likabaki, nasi hatuna sababu ya kulirithi.

Maji yenyewe ni ya chumvi kali, yenye joto ambalo aghalabu huwa kati ya nyuzi 75 na 150 za Selsiasi. Kloridi hushikamana na zinki na risasi, ndiyo maana metali hizo husafiri mbali chini ya ardhi bila kutuama. Maji hayo yakifika kwenye mapango na nyufa za miamba ya chokaa na kukutana na haidrojeni salfaidi, metali huiacha kloridi na kushikana na salfa. Mkutano ukiwa wa ghafla, chembe nyingi ndogo huzaliwa kwa pamoja na mlia huwa laini. Ukiwa wa taratibu, fuwele hupata nafasi ya kurefuka. Chuma kikiongezeka ndani ya sfaleriti, rangi hukolea. Kila badiliko la maji huacha alama yake, na kusini-magharibi mwa Wisconsin, Marekani, milia ileile imefuatiliwa kutoka mgodi hadi mgodi.

Mara nyingine bakteria huchangia. Mwaka 2000 watafiti walieleza utando wa bakteria katika mgodi uliofurika, Wisconsin hukohuko, uliokuwa ukikusanya chembe ndogo mno za salfaidi ya zinki kutoka kwenye maji baridi.

Kwa hiyo napendekeza tuseme salfaidi za milia. Milia ni kile jicho linachokiona, bila kudai kujua chanzo chake; ikitoka kwa bakteria au kwa maji moto, jina halitaharibika. Wapo wanaopendelea tabaka. Nalikataa, kwa sababu tabaka za mashapo hulala, na iliyo kongwe huwa chini. Mlia hufuata ukuta wa pango, hata darini, na ulio mkongwe ndio unaogusa mwamba.